Vita Juu ya Ngozi ya Jani

Mama anayemwagilia bustani ya sukuma wiki nyuma ya nyumba yake kambini ameliona jambo hili mara nyingi, pengine bila kulitilia maanani. Maji yanapodondoka juu ya jani, jani halilowi. Maji hujikusanya yakawa matone ya mviringo kama shanga, yakaviringika hadi ukingoni na kuanguka chini, na jani likabaki kavu kana kwamba halikuguswa. Na akilipitishia kidole, ule weupe ulioko juu yake, unaofanana na vumbi la chokaa, hufutika, na pale alipogusa pakabaki alama ya rangi ya kijani iliyokolea.

Weupe ule si vumbi, wala si ugonjwa. Ni nta ambayo mmea wenyewe huitengeneza na kujipaka. Juu ya ngozi hiyo nyembamba ndipo vinapoamuliwa vita ambavyo familia nyingi hupigana kila msimu bila kujua uwanja wake uko wapi: vita baina ya mboga za nyumbani na wadudu wanaozila.

Vita hivyo si vya kudharauliwa. Kwa familia inayotegemea mshahara wa mwisho wa mwezi, matuta machache ya kabichi au sukuma wiki ni akiba kubwa. Majani yakitobolewa hukosa mnunuzi sokoni, na chungu cha jioni hupungukiwa. Lakini iko hasara nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Mwenye bustani aonapo matundu, hushika bomba la dawa. Wadudu wasipokufa, huongeza dawa; wakizidi kuwapo, huchanganya dawa mbili. Mwisho wa yote, dawa ile ndiyo inayoletwa mezani ikaliwa na watoto. Kwa hiyo yafaa kila nyumba ielewe jinsi jani linavyojilinda lenyewe, na jinsi binadamu anavyoweza kulisaidia badala ya kulipokonya silaha zake.

NGOZI INAVYOJENGWA

Kila jani limefunikwa na utando mwembamba usiopitisha maji kwa urahisi. Utando huo ndio unaolizuia jani lisinyauke jua linapokuwa kali. Juu ya utando huo mmea huongeza nta, na nta ya mmea mmoja si sawa na ya mwingine. Katika jamii ya kabichi, sehemu kubwa ya nta hiyo ni minyororo mirefu ya kaboni, na iliyo mingi zaidi ina atomi 29 za kaboni zilizoungana moja baada ya nyingine. Jani la kabichi likitazamwa kwa hadubini yenye nguvu, nta hiyo huonekana imesimama kama msitu wa vijiti na mirija midogo sana. Msitu huo hutawanya mwanga, na ndiyo sababu jani huonekana lina ukungu mweupe. Msitu huo huo huyanyanyua matone ya maji yasipate mahali pa kushika.

Kwa mdudu, uso huo una maana nyingine kabisa. Mdudu haonji kwa ulimi kama binadamu. Nondo huonja kwa miguu na kwa papasi zake. Kiwavi huonja kwa viungo vidogo vilivyo pembeni mwa mdomo, tena huonja kabla hajauma. Uso wa jani kwa mdudu ni kama karatasi ya ruhusa inayosomwa langoni. Kilichoandikwa juu ya karatasi hiyo kwa nta, kwa harufu na kwa ladha ndicho kinachomwambia kama aingie ale, au apite aende zake.

ADUI MWENYEWE

Miongoni mwa adui wa kabichi, hakuna aliyewasumbua wakulima wa dunia kuliko nondo mmoja mdogo ambaye wataalamu humwita Plutella xylostella. Ni mdudu wa rangi ya kijivu na hudhurungi, asiyefikia urefu wa sentimeta moja. Anapotua na kukunja mabawa, mgongoni mwake huonekana mfuatano wa alama za rangi ya maziwa zenye umbo la almasi, na kwa ajili hiyo huitwa nondo wa mgongo wa almasi.

Jike hutaga mayai madogo kama punje za mchanga, moja moja au machache pamoja, mara nyingi karibu na mishipa ya jani. Katika maisha yake mafupi aweza kutaga zaidi ya mia moja. Kiwavi anayeanguliwa ni mdogo mno hata jicho hulazimika kumtafuta. Katika siku zake za mwanzo hupenya ndani ya jani na kula akiwa amejificha baina ya ngozi ya juu na ya chini. Baadaye hutoka nje akala upande wa chini wa jani, mara nyingi akiacha ngozi ya juu kama dirisha dogo la kioo. Akiguswa hujipinda kwa nguvu, akarudi kinyumenyume na kujitupa chini huku akining'inia kwa uzi wa hariri. Penye joto, safari yote toka yai hadi nondo mpya huchukua takriban wiki tatu tu. Kwa hiyo katika mwaka mmoja vizazi vyake ni vingi.

Wingi huo wa vizazi ndio uliomfanya ashindikane kwa dawa. Mwaka 1951, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, ilionekana kwamba nondo huyu alikuwa amezoea DDT, dawa ambayo wakati huo ilisifiwa kila mahali. Tangu hapo ameendelea kuzizoea dawa za kila namna. Hata ile dawa itokanayo na bakteria, ambayo haiwadhuru watu na ambayo ilitumainiwa sana, nayo ilishindwa: mwaka 1990 ilitangazwa kwamba katika baadhi ya mashamba ya Hawaii nondo hawa walikuwa wameanza kuistahimili. Adui wa namna hii hashindwi kwa silaha moja inayopigwa kila siku. Kila anyunyiziwapo, wadhaifu hufa, na wachache wenye nguvu hubaki wakazaana.

HARUFU INAYOMSALITI MWENYEWE

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mithali hiyo inaifaa kabichi kuliko viumbe vingi. Mimea ya jamii ya kabichi, haradali na figili ina kemikali ziitwazo glukosinoleti. Jani linapotafunwa, kemikali hizo huchanganyika na kimeng'enya kilichowekwa mahali pengine ndani ya jani, na papo hapo hutokea ule ukali unaopanda puani mtu anapokula haradali. Ukali huo ni sumu kwa wadudu wengi. Ni silaha ambayo mmea umeitengeneza kwa ajili ya kujilinda.

Lakini mdudu akipata njia ya kuivunja silaha, silaha hugeuka kuwa alama ya kumwongoza. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Eduard Verschaffelt, alionyesha jambo la ajabu. Viwavi wa kipepeo wa kabichi, ambao kwa kawaida hawagusi mimea ya jamii nyingine, walikubali kula majani wasiyoyazoea baada ya majani hayo kupakwa maji ya mimea yenye kemikali za haradali. Hawakuwa wakitafuta umbo la kabichi. Walikuwa wakitafuta ladha yake.

Nondo wa mgongo wa almasi naye ana tabia hiyo. Jike huligusa jani kwa papasi na miguu, na akizikuta dalili za glukosinoleti hushawishika kutaga. Nta nayo ina sehemu yake: majaribio yameonyesha kwamba baadhi ya chembe za nta, zikiwa pamoja na kemikali hizo, huongeza hamu ya kutaga kuliko kila moja ikiwa peke yake. Hivyo jani hutangaza jina lake kwa kila apitaye, rafiki na adui.

KABICHI ISIYO NA UKUNGU

Si kila mmea wa jamii ya kabichi una ule ukungu mweupe. Mara chache hutokea mmea ambao, kwa mabadiliko ya urithi, hautengenezi msitu wa nta kama ndugu zake. Majani yake huwa ya kijani kilichokolea, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta ya kupikia. Mkulima wa kawaida angeweza kuung'oa akidhani una kasoro. Kumbe ndani ya kasoro hiyo mlikuwa na somo.

Mmoja wa mimea hiyo ulikuwa koliflawa yenye majani ya kung'aa iliyotoka Australia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell katika kituo cha Geneva, jimbo la New York nchini Marekani, walitambua katika miaka ya 1970 kwamba mmea huo haukuharibiwa sana na viwavi, wakautumia kuzalisha kabichi zenye sifa hiyo. Baadaye, Sanford Eigenbrode na Anthony Shelton pamoja na wenzao walianza kuuliza swali lililo gumu zaidi: kinga hiyo inafanyaje kazi?

Wengi wangedhani kwamba kabichi ile ilikuwa na sumu kali ndani yake. Haikuwa hivyo. Watafiti waliwatazama viwavi waliotoka kwenye mayai muda huo huo. Juu ya kabichi ya kawaida, kiwavi mchanga hutembea kidogo, hutulia, huonja, kisha hutoboa na kuingia ndani ya jani. Juu ya kabichi inayong'aa, kiwavi yule yule hakutulia. Alitembea upesi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, akionja hapa na pale bila kukaa. Kiumbe kidogo namna hiyo hakina akiba ya maji wala ya chakula. Kila dakika anayotembea wazi juani humkaribisha kwenye kifo: hukauka, huanguka au huliwa.

Ili kuhakikisha kwamba sababu ilikuwa juu ya jani na si ndani yake, watafiti waliitoa nta ya majani hayo na kuwaweka viwavi juu ya nta peke yake, pasipo jani. Viwavi walionyesha tabia ile ile: juu ya nta ya kabichi inayong'aa walitangatanga zaidi. Uchunguzi wa kemia ulionyesha kwamba nta hiyo haikuwa pungufu tu, bali ilikuwa na mchanganyiko tofauti, na baadhi ya chembe zilizokuwa chache katika kabichi ya kawaida zilikuwa nyingi humo. Aidha, kabichi ya kawaida ilipozuiwa kutengeneza nta yake kwa kutumia dawa fulani ya kuulia magugu, nayo ilianza kung'aa, na viwavi wakapungua.

Somo lililopatikana ni hili: hatima ya kiwavi huamuliwa katika saa za mwanzo za uhai wake, juu ya uso wa jani, kabla hajauma mara ya pili. Akishapenya ndani, amekwisha pata ngome.

MAMA ANAYECHAGUA VIBAYA

Mtu angetarajia kwamba nondo jike, kwa kuwapenda watoto wake, angeyakwepa majani yanayong'aa. Ajabu ni kwamba mara nyingi hafanyi hivyo. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2004, nondo hao walipopewa nafasi ya kuchagua baina ya kabichi ya kawaida na sukuma wiki yenye majani ya kung'aa, walitaga kwa wingi zaidi juu ya ile inayong'aa, ingawa watoto wao hawakustawi juu yake kama walivyostawi juu ya kabichi.

Hapo likazaliwa wazo ambalo kila askari atalielewa, nalo ni mtego. Ikiwa adui anavutwa na mahali pasipomfaa, basi apandiwe mahali hapo pembeni mwa shamba, akatage huko, na watoto wao wakafie huko. Mimea ya namna hiyo huitwa mimea ya mtego isiyo na njia ya kutokea. Shambani matokeo yake hayakuwa sawa kila mahali, kwani mtego hutegemea ukubwa wa shamba, mpangilio wa mistari na wingi wa nondo. Hata hivyo wazo lenyewe lina uzito: kinachomvuta mama na kinachomlisha mtoto si kitu kimoja, na mkulima mwerevu aweza kuutumia mwanya ulio baina ya viwili hivyo.

NYAYO ZA ASKARI WADOGO

Iko sehemu nyingine ya kisa hiki ambayo haikutazamiwa mwanzoni. Bustani ina walinzi wake: wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, watoto wa mdudu mwenye mabawa ya kimia, na wengine wengi ambao hupiga doria juu ya majani wakila mayai, viwavi wachanga na vidukari. Walinzi hao nao wana miguu, na miguu huhitaji mahali pa kukanyaga.

Juu ya jani lenye ukungu wa nta, mlinzi huteleza. Vipande vya nta hukatika na kuziba nyayo zake, naye hupoteza muda mwingi akijipangusa na kuanguka badala ya kuwinda. Juu ya jani linalong'aa hushika vizuri na kutembea kwa uhakika. Watafiti walipowaweka wawindaji wa aina hizo juu ya kabichi za namna mbili, waliona kwamba waliwapunguza viwavi zaidi juu ya zile zinazong'aa. Kwa hiyo sehemu ya kinga ya kabichi hiyo haitoki kwa mmea peke yake. Mmea humchelewesha kiwavi nje, na mlinzi humkuta huko huko nje. Wawili hao wakishirikiana, kazi huisha. Mmoja wao akikosekana, adui hupita.

Hapa ndipo dawa inayopulizwa ovyo inapoleta hasara maradufu. Kiwavi aliyejificha ndani ya jani huweza kusalimika, na kizazi cha waliozoea dawa husalimika zaidi. Lakini mlinzi anayezunguka juu ya jani hana pa kujificha. Yeye ndiye afaye wa kwanza.

HAKUNA NGAO YA KILA MSHALE

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini mashamba yote yasipandwe kabichi zinazong'aa? Jibu ni kwamba kila silaha ina upande wake wa nyuma. Ni kweli kwamba mimea inayong'aa mara nyingi huwa na vidukari wa kabichi wachache zaidi. Lakini wapo mbawakawa wadogo weusi, warukao kama viroboto, ambao huiharibu zaidi mimea isiyo na nta nyingi, kwa kuwa juu ya jani lenye ukungu miguu yao huteleza. Nta hiyo hiyo inayowasumbua walinzi huwasumbua maadui hao pia. Tena nta hulisaidia jani kuhifadhi maji wakati wa kiangazi. Mmea ulioivua nguo yake umepata faida mahali pamoja na kuilipia mahali pengine.

Mimea mingine imechagua njia nyingine. Jamaa wa porini wa viazi mviringo, atokaye Bolivia na aitwaye Solanum berthaultii, ana majani yenye vinyweleo vyenye vichwa vya gundi. Kidukari akipita huvunja vichwa hivyo, na maji yake hugeuka yakawa ya kahawia na kugandamana miguuni mwake na mdomoni. Mwaka 1983 watafiti wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, R. W. Gibson na J. A. Pickett, walieleza jambo la kustaajabisha zaidi: vinyweleo hivyo hutoa harufu ile ile ambayo vidukari wenyewe huitoa wanapotahadharishana juu ya hatari. Mmea umejifunza kupiga king'ora cha adui, na adui hukimbia kabla ya kutua.

Mtama nao, ambao ni chakula cha kale cha Afrika, huandika onyo lake juu ya nta. Katika miaka ya 1980 ilionyeshwa kwamba nzige wachanga hugusa uso wa mtama mchanga kwa viungo vya mdomo na mara nyingi huukataa kabla ya kuuma, kwa sababu ya kemikali zilizomo katika nta. Nta ilipoondolewa, waliukubali zaidi. Kadhalika kiwavi atoboaye bua la mtama, ambaye huanguliwa chini na kulazimika kupanda mpaka kwenye moyo wa mmea, hupotea njia juu ya baadhi ya aina za mtama, na nta ni moja ya sababu. Kote huko kanuni ni ile ile: mlango wa mmea ni ngozi yake.

NYIGU WA MILIMA YA TAITA

Katika Afrika Mashariki, nondo wa mgongo wa almasi aliwatia wakulima wa kabichi na sukuma wiki katika gharama kubwa ya dawa. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, kijulikanacho kwa jina la ICIPE, kilitafuta adui wa asili wa nondo huyo. Nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum aliletwa kutoka Taiwan, na mwaka 2002 aliachiliwa katika milima ya Taita nchini Kenya. Baadaye alipelekwa pia Tanzania na Uganda. Nyigu huyo haumi watu. Jike humtafuta kiwavi na kumchoma yai ndani ya mwili wake. Mtoto wa nyigu hukua humo, na badala ya nondo, katika kifukofuko hutoka nyigu mwingine. Nyigu huyo anapenda nyanda za juu zenye ubaridi, na huko madhara ya nondo yalipungua.

Lakini nyigu huyo hufa akinyunyiziwa dawa zinazoua kila mdudu. Penye mkulima anayepuliza kila wiki kwa mazoea, hakuna nyigu anayekaa. Mkulima huyo huwa ameua jeshi la akiba alilopewa bure.

KATIKA BUSTANI YA NYUMBANI

Mambo haya yana matumizi yake kwa yeyote mwenye matuta nyuma ya nyumba.

Kwanza, ukaguzi. Kwa kuwa kiwavi hushindwa au hushinda katika siku za mwanzo, bustani ikaguliwe angalau mara mbili kwa wiki, na majani yageuzwe upande wa chini. Penye madirisha madogo ya kioo, viwavi wapo. Katika bustani ndogo, watoto wa nyumbani waweza kuwaokota kwa mkono na kuwaua, nayo ni kazi ya dakika chache.

Pili, maji. Nondo hawa huruka na kutaga jioni na usiku. Imeonekana kwamba maji yanayonyunyizwa kutoka juu wakati wa machweo huvuruga mizunguko yao na kuwaangusha viwavi wachanga. Hata hivyo, penye ugonjwa wa kuoza kwa mishipa ya majani, jani linalolala na maji huusaidia ugonjwa. Hapo ni heri kumwagilia asubuhi, chini ya mmea.

Tatu, sabuni. Wengi hutia sabuni katika dawa ili isiviringike na kuanguka kama maji. Sabuni kidogo huifanya dawa ishike. Lakini sabuni nyingi au kali huivuruga nta yenyewe na kuunguza majani, na mmea hubaki bila vazi lake wakati wa jua. Kiasi kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa ndicho kifuatwe, si zaidi.

Nne, dawa yenyewe. Iwe kimbilio la mwisho, si mazoea ya kila Jumamosi. Dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya pamba au kwa kuogeshea ng'ombe zisiguse mboga hata kidogo. Inapolazimu kupuliza, ichaguliwe dawa inayoua viwavi na kuwaacha walinzi, kama ile itokanayo na bakteria; nayo isitumiwe mfululizo peke yake, wadudu wasije wakaizoea. Siku za kungoja kabla ya kuvuna, kama zilivyoandikwa, zihesabiwe kwa uaminifu. Mtoto hawezi kuonja tofauti baina ya mboga iliyopulizwa jana na iliyopulizwa mwezi uliopita.

Tano, mabaki. Baada ya mavuno, mashina ya kabichi yasiachwe yakichipua shambani. Yang'olewe na kufukiwa, kwani humo ndimo adui anamopumzika akingojea miche mipya. Na miche hiyo isipandwe jirani na kabichi iliyozeeka.

Mwisho, uchaguzi wa mbegu. Anayeona mche mmoja katika kitalu ukisimama mzima wakati wenzake wametobolewa, asipite tu. Autazame. Je, majani yake yana ukungu au yanang'aa? Yana vinyweleo au ni laini? Autie alama, aufuatilie hadi mwisho wa msimu, na kama ni mmea utoao mbegu au machipukizi ya kupanda, auhifadhi. Wakulima wa kale walichagua mbegu kwa macho namna hiyo kabla ya maabara yoyote kujengwa, na ile koliflawa ya Australia isingejulikana kama hakuna mtu aliyeitazama kwa makini.

Askari wa zamu hajui ni usiku gani adui atakuja. Ajualo ni lango lake. Jani nalo lina lango lake, nalo ni ngozi iliyo nyembamba kuliko karatasi, iliyojaa maandishi ambayo binadamu ameanza kuyasoma juzi tu. Mwenye bustani akilijua lango hilo, atajua wakati wa kusaidia na wakati wa kuacha. Na asubuhi moja, atakapoyaona matone yakiviringika juu ya sukuma wiki, hatayaona tena kama maji yaliyopotea bure. Atakumbuka kwamba pale yalipopita pana ulinzi, na kwamba ulinzi huo haukumgharimu hata senti moja.